Nusu Kichwa

Risasi zilipolia kwetu Mangobo, jirani yangu anayesuka nywele kwake nyumbani alikuwa amefika katikati ya kichwa cha muteja. Kila mutu alikimbia upande wake. Muteja alirudi juzi kutoka Yanonge alikokimbilia, nusu imesukwa, nusu imesimama kama majani ya pori.

Musukaji mwingine wa mutaa alimuwahi kwa njia. "Dada, kuja kwangu. Ule mama anaachaka watu katikati."

Jirani yangu akatoka na kitana mukononi. "Kichwa nilianza mimi, nitamaliza mimi. Ukikigusa wewe, kesho nani atakuja kwangu?"

Muteja akasitasita. "Na risasi zikirudi, mama?"

"Zirudi. Wewe keti."

Bon, zikarudi. Yule mwingine aliruka ua peke yake. Jirani yangu alimuvuta muteja mpaka chini ya kitanda, amemushika musuko moja kama kamba ya mbuzi, na akaendelea kusuka palepale, na mimi, niliyekimbilia humo kwake, nimebanwa kwenye miguu yao.

Leo wanawake wanajaa kwake tangu asubuhi. Wakubwa wa vita wanaanza kitu kila siku. Aliyemaliza alichoanza, mimi nimeona mumoja tu.