Madirisha Tisa ya Mama Pazia

Kabla hajaitwa Mama Pazia alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilibaki kwenye ile nyumba, pamoja na kabati, mitungi miwili na ujana wake. Watu wa mtaa aliohamia walimkuta na cherehani, wakamwita kwa kazi yake. Hakuwasahihisha. Aliyenyang'anywa nyumba hana haja ya kugombania jina.

Chumba cha kazi alikikodi pamoja na msusi, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi kuliko meno ya kitana chake. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani na meza ndefu ya kukatia. Upande wa mlango palikuwa na viti viwili vya plastiki, kioo chenye ufa, na nywele za bandia zilizoning'inia kama mikia ya farasi. Katikati hapakuwa na ukuta, ndiyo maana siri za Mama Pazia zilijulikana na kila kichwa kilichosukwa mtaani.

Siri kubwa ilikuwa simu yake. Kila adhuhuri, jua likishaondoka kwenye meza, alijifuta chaki mikononi, akaegemea ukuta, akaingia nyumbani kwake.

Ulikuwa mchezo wa kujenga nyumba. Unapewa kiwanja kitupu, halafu kila kitu unanunua katika duka la mtandaoni: ukuta, mlango, vigae, hata chungu cha maua. Bintiye mkubwa alimwekea siku alipomletea simu ya kioo, akidhani mama atacheza wiki moja achoke. Mama hakuchoka. Kila alipomaliza mapazia ya mtu, alijinunulia kitu. Leo mlango, kesho bati.

"Shoga, mvi zimekujaa, bado unacheza vidoli," msusi alikuwa akimtania.

"Mimi sichezi. Niko kwangu."

Na kweli alikuwa kwake. Ilikuwa nyumba ileile, chumba kwa chumba, ambayo yeye na mumewe waliijenga kwa miaka kumi na mmoja. Matofali yalikuwa ya mume, kama mume alivyopenda kuwaambia wageni. Lakini bati, milango na madirisha yote tisa yalitoka kwenye mguu wake wa kulia, ule uliokanyaga cherehani asubuhi hadi jioni. Kila dirisha alilipima kwa shibiri kabla halijawa na fremu, akalishonea pazia lake. La sebuleni lilikuwa rangi ya chungwa, na jua la saa kumi likipita humo, hata sura ya mumewe ilionekana ya mtu mwema.

Hakusoma. Kwao waliosoma walikuwa kaka zake. Kwa hiyo mumewe alipoleta karatasi na kusema ni za kuvuta maji ya bomba, alichovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza alipoonyeshwa. Alifurahi hata. Alianza kuwaza bomba atalisimamisha wapi.

Miezi miwili baadaye akaingia mwanamume na utepe, akaanza kupima sebule huku yeye akichambua maharage.

"Usijali mama, endelea na shughuli zako," yule mtu alisema, kwa adabu ya aliyekwisha kununua.

Alikwenda kulalamika kila mahali panapolalamikiwa. Kote aliulizwa jambo moja tu: karatasi inasemaje? Karatasi ilisema nyumba imeuzwa kwa ridhaa ya wote wawili, na chini yake lilikaa dole gumba lake, limenona, halina hata doa. Mume akaenda kuoa kwingine. Na kwa kuwa laini ya simu ya mkewe alikuwa ameisajili yeye, akaifunga nayo, kama mtu anayezima taa akitoka.

Mama Pazia akapata laini mpya. Mchezo ulikuwa umefunguliwa kwa namba ile ya zamani kabla haijafungwa, lakini haukumsumbua. Miaka mitatu nyumba ilimfungukia kila adhuhuri. Hata alama za chaki alizokuwa akiweka kwenye fremu ya mlango kupima kimo cha wanawe wawili, alizitafutia kitu dukani: vibandiko vyeupe. Akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka pale ambapo binti mdogo aliacha kurefuka.

Sasa siku moja adhuhuri akafungua, akakuta utepe mwekundu umepita mbele ya nyumba, kuanzia ukuta hadi ukuta.

"Njoo unisomee," akamwita msusi. "Kuna kitu kimekaa mlangoni kwangu."

Msusi akaja na kitana mdomoni, mteja akaachwa na kichwa nusu. Akasoma, akakitoa kitana.

"Duka limeuzwa."

"Duka gani?"

"Hilo unakonunua milango yako. Limepata wenyewe wapya. Wanasema kila mwenye vitu athibitishe kwamba ni yeye, la sivyo vitu vyake havitahamishwa. Mwisho leo jioni. Wamekutumia ujumbe mwezi mzima, wewe!"

Mama Pazia alikumbuka. Jumbe zilikuwa zikija ndani ya mchezo, ndefu, na yeye akizifuta kwa kidole, kwa kuwa ujumbe mrefu siku zote huwa tangazo.

"Nathibitishaje?"

"Wanatuma namba ya siri kwenye laini yako. Ukiipata, unaiandika hapa. Ina uhai wa dakika kumi. Na wanaituma mara tatu tu, baada ya hapo mlango unafungwa." Msusi akausoma tena mstari wa mwisho. "Wameandika laini inayoishia na sita sita moja. Hiyo si ya kwako."

"Ilikuwa ya kwangu."

Namba ile aliijua kuliko alivyojua herufi za jina lake. Msusi akabonyeza waitume. Mama Pazia akachukua simu ya msusi, akapiga namba yake mwenyewe.

Iliita. Iliita mpaka ikakata. Wakapiga tena na tena, dakika kumi zikaisha.

"Moja imekufa," msusi akasema. "Tuma ya pili."

Mara hii simu ilipokelewa. Nyuma ya sauti ya mwanamume mzee palikuwa na kitu kinachokwaruza, chuma juu ya jiwe.

"Halo! Sema kwa nguvu, nanoa!"

"Shikamoo mzee. Samahani, hapo kwako imeingia namba, naomba unisomee..."

"Namba?" Mkwaruzo ukakoma. "Ahaa! Ndiyo nyinyi! Redioni wanatuambia kila siku: akikupigia mtu akakuomba namba, huyo mwizi. Mimi hata mke wangu simpi namba!"

"Namba gani hiyo hunipi?" mwanamke akauliza kwa mbali.

"Hapana, mama, nazungumza na mwizi!"

Akakata. Walipopiga tena hakupokea. Dakika kumi zikaisha.

Mteja mwenye kichwa nusu akasema labda waache, ni mchezo tu. Msusi akamtazama, mteja akarudi kutazama kioo.

"Ya tatu," Mama Pazia akasema. "Tuma."

Mzee alipopokea, hakumpa nafasi. "Baba, usikate. Mimi si mwizi. Hiyo laini ilikuwa yangu kabla haijauzwa kwako. Mimi ndiye Mama Pazia."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Wa mapazia? Ndiye wewe? Mama, umenitesa miaka mitatu! Watu wananipigia, 'Mapazia yangu tayari?' Nawaambia mimi nanoa visu na mikasi. 'Basi nipe mita nne za maua.' Mke wangu mwaka wa kwanza alinuna, anadhani nina mwanamke fundi!"

"Ndiye mimi. Nisomee hiyo namba, baba, nyumba yangu inakwenda."

"Hapo sasa." Sauti ya mzee ikawa ya hakimu. "Mwizi naye hulijua jina la mwenye mali. Kwetu ukiokota kapu, mtu akija akasema ni langu, humpi hivihivi. Unamuuliza, ndani mna nini? Haya. Nyumba yako ndani mna nini?"

Mama Pazia alifungua kinywa aseme upesi, mlango, sebule, basi. Lakini swali lilimkamata. Miaka yote, kote alikokwenda, hakuna aliyemuuliza hivyo. Waliuliza karatasi. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini.

"Ukiingia," akasema, "kizingiti kimepasuka kushoto, uruke. Sebule ina madirisha mawili, mapazia rangi ya chungwa. Sakafu ni nyekundu, naipaka nta kila mwezi, ukivaa soksi unateleza mpaka ukutani, wanangu walikuwa wanashindana..."

Msusi akamgusa bega, akamwonyesha saa. Mama Pazia akautoa ule mkono.

"...Fremu ya chumba cha wasichana ina alama za chaki. Mdogo alikuwa anasimama kwa vidole, namwona, namwachia. Mvua ikipiga bati hamsikiani, mnakaa kimya wote, na hata tukiwa tumegombana inabidi tugombane kesho. Jikoni dirisha ni dogo, lakini ndilo linaloingiza upepo. Hapo ndipo nilipoweka cherehani. Nikishona namwona nani anaingia uani. Nyuma kuna ngazi nne, ya tatu fupi, mwashi alikuwa na haraka..."

"Ya tatu fupi," mzee akarudia polepole.

"Fupi. Kila mgeni anajikwaa hapo."

"Ni yako," mzee akasema. "Mtu hatungi ngazi fupi. Andika: nne, saba, saba, moja, mbili, tano."

Msusi aliandika haraka. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha kikaleta maneno mafupi, na Mama Pazia hakuhitaji kusomewa. Ule utepe mwekundu ulitoweka, na nyuma yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kiwanja kitupu, nyasi za kijani, kama siku ya kwanza.

"Imefunguka?" mzee akauliza.

"Imechelewa."

"Nimekukosea, mama?"

"Wewe? Wewe angalau umeuliza."

Akarudisha simu kwa mwenyewe, akarudi kwenye cherehani, akamwacha msusi ahangaike na ile nyingine. "Wanasema unaweza kuanza upya kwa wenyewe wapya," msusi akaita. "Bonyeza tu hapa kwamba umekubali."

Mama Pazia akainuka, akanyoosha dole gumba, likasimama hewani. Lilikuwa lilelile.

"Kwanza nisomee."

"Yote? Ni marefu kama foleni ya siafu!"

"Yote."

Msusi akasoma. Mteja mwenye kichwa nusu akafumba macho, akakubali kudra. Walipofika katikati, paliandikwa kwamba anunuacho mtu humo hakiwi chake, amepewa ruhusa ya kukitumia tu, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote.

"Rudia hapo."

Msusi akarudia.

"Kumbe na ile nyumba ya kwanza iliandikiwa hivi?"

"Bila shaka, shoga. Zote huandikwa hivi."

Mama Pazia akalipangusa dole gumba kwenye gauni, akalikunja ndani ya ngumi, akaenda kushona.

Alikuwa amefika kwenye pindo wakati simu ya msusi ilipoita. Sita sita moja. Namba yake mwenyewe ikimtafuta.

"Mama Pazia yupo? Mama, kazi haishikiki, nafikiria hiyo nyumba yako. Nimeingia mlangoni, nimeruka kizingiti, nimepita sebuleni. Sasa jikoni. Hilo dirisha nimeliweka upande wa ngazi. Ni sawa?"

Mama Pazia akaacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo peke yake, kisha likatulia.

"Si sawa," akasema. "Liko upande wa pipa la maji. Lihamishe."