Pombe Ambayo Baba Irine Hakuinywa

Mimi ndiye niliyemshtaki mume wangu kwa wazee wa kanisa. Nasema mapema, msije mkaisikia kwa majirani.

Sosthenes, Baba Irine, alikuwa mzee wa kanisa hapa Sigino miaka kumi na tisa. Ghafla akaanza kuanguka chali mchana kweupe, katikati ya mahindi. Chai anaimwaga mezani. Ngazi anazikanyaga kama hazipo. Nikamnusa mdomo, harufu sikuipata. Nikasema, huyu amejifunza kuficha! Wazee wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atubu.

"Nitubu pombe ambayo sikuinywa?" akasema. "Siwezi."

Mwaka mzima alikaa benchi la nyuma akitazama wenzake wakishiriki. Nami nikanuna mwaka mzima.

Binti yetu Irine ndiye aliyetuburuta kwa daktari bingwa. Daktari akainua kidole, macho ya Sosthenes yakakifuata. Akakishusha, macho yakagoma.

"Ni ugonjwa adimu wa ubongo, mama," akaniambia. "Una sura nyingi. Wengine huanza kwa kutetemeka, wengine miguu huganda mlangoni, wengine hupotewa na maneno. Wake ni huu wa macho kukataa kushuka na mtu kuanguka kinyumenyume. Wengi hudhaniwa walevi. Tiba hauna, na baadaye hata kumeza kutamshinda."

Kumeza! Jamani, nililia njia nzima. Mkate na divai vitamshinda, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Jumapili, wenye kutubu walipoitwa, nikasimama mimi.

"Baba Irine hakunywa hata tone," nikasema. "Nilimsingizia. Mwenye kutubu ni mimi."

Mzee Vicent, mwenyekiti wa baraza la wazee, akaja kusimama kando yangu. "Na sisi tuliamini bila kuuliza," akasema. Akina mama wakapiga vigelegele.

Sosthenes akaja mbele, mkono begani kwangu, nami nikimhesabia ngazi: moja, mbili, tatu. Mchungaji akainua kikombe hadi usawa wa macho ya mume wangu. Sosthenes akanywa, akameza vizuri.

Kisha akanigeukia, na kwa sauti yake ya kukwaruza akasema, kanisa zima likasikia:

"Mama Irine, hii nimeinywa kweli. Nenda kashtaki."