Salum Ameingia Kazini Mara Tisa

Aibu hii nimekaa nayo tangu baridi ya mwaka jana, na nikiwasimulia leo ni kwa kuwa nimechoka kuibeba peke yangu, maana Toronto unaweza kubeba jambo mwaka mzima asitokee hata jirani wa kukuuliza mbona umenuna. Naitwa Rehema, mzaliwa wa Tanga, umri tuuache. Siku hizo nilikuwa napanga vifurushi kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na nikitoka hapo narudi kwenye chumba changu cha chini ya nyumba ya watu, nafungua kompyuta, naandika programu za simu. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea, vifurushi vilikuwa vya kulipia chumba.

Nina mdogo wangu mmoja tu duniani, Salum, na yuko Maskati. Mama alipofariki, karatasi zangu za huku zilikuwa hazijakamilika, nikitoka sirudi, basi Salum akazika peke yake, na tangu kabla ya hapo hatujaonana ana kwa ana, ni miaka sita. Tulichobaki nacho ni Ijumaa. Kila Ijumaa alinipigia simu ya video, picha inang'aa mpaka naliona kovu la kidevuni alilolipata utotoni, tunaongea robo saa, anasema "haya dada, niache", na mimi naanza kusubiri Ijumaa nyingine. Msinicheke, lakini kuna wiki ile robo saa ndiyo ilikuwa Kiswahili changu chote.

Sasa, Salum ndiye aliyeniambia kwamba bosi wao mkubwa anaishi huku huku, Thornhill, na anatafuta mtu wa kumtengenezea programu. Kampuni yao inapeleka watu wa usafi na wa maghala Maskati, Dubai na Doha, na walitaka kila mfanyakazi ajiandikishe kwa simu yake akifika kazini, akiumwa aseme humo humo, akitaka ruhusa aombe humo humo. Nikamwandikia bosi, akaniita. Bwana Murtaza ni mtu mpole, wazazi wake watu wa Arusha, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanawe (wanaelewa kila neno, halafu wanakujibu kwa Kiingereza). Sikumwambia kwamba nina ndugu kwenye kampuni yake, niliogopa ataona nimeletwa kwa kujuana. Yeye akanipa ahadi iliyoniondolea usingizi: siku ya uzinduzi programu ikifanya kazi, atanipeleka Maskati wiki mbili nikawafundishe wafanyakazi. Karatasi zangu zilishatoka, nauli ndiyo sikuwa nayo. Nikamjibu "hakuna shida", kama mtu anayepanda ndege kila mwezi, halafu nikaenda kituo cha basi nikalia.

Swali lake kwangu lilikuwa moja. "Tuanze na simu ipi, binti? Aifoni au Android? Zote mbili kwa pamoja hatuwezi."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Aifoni ndiyo niliyoizoea, nikiandika ya aifoni namaliza kabla ya Ramadhani, na Android ingenila miezi mitatu mingine ya kujifunza, na mimi nilikuwa na hamu ya mdogo wangu, haraka yenyewe ilikuwa ya kumwona, si ya kazi. Ijumaa ile nikamuuliza, "Salum, huko watu wanatumia simu gani?" Akasema, "Huku ni aifoni, dada. Si unaiona hii?" Nikaiona. Alishaniambia siku nyingi kwamba yeye ni msaidizi ofisini, nikasema basi, mtu wa ofisini anajua. Utafiti ukaishia hapo. (Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini sidhani walimaanisha umuulize mtu mmoja.)

Na bado nikaandika ripoti ya kurasa kumi na mbili, "Hali ya Simu katika Masoko ya Ghuba", yenye vichwa vya habari na duara la rangi la kuonyesha nani anatumia nini. Duara lote lilikuwa Salum. Bwana Murtaza akaisoma, akaitikia kwa kichwa, maana na yeye kila anayemjua kule, mameneja na wenye maduka, ana aifoni mkononi. Barua pepe ya msimamizi wa Maskati nilikuwa nayo, ningemwandikia mstari mmoja tu, lakini sikutaka aone kwamba sijui. Hata majaribio nilifanya na Salum: akaiweka programu, akajiandikisha, akaniambia inafanya kazi vizuri sana, na kweli ilikuwa inafanya kazi.

Uzinduzi ukawa Jumamosi, kwenye ukumbi wa jumuiya, barabara ya Bathurst. Wageni wote walikuja na magari yao, mimi nilitoka Malton alfajiri na mabasi matatu, viatu vya kisigino kwenye mfuko, nikavibadilishia msalani huku theluji inayeyuka kwenye soksi. Ukumbini watu kama sitini, sambusa, chai ya maziwa, watoto wanakimbizana. Mama yake Bwana Murtaza, Bi Sakina, alikuwa amekaa mbele kabisa, akanishika mkono akauliza, "Umekuja na nani, mwanangu?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akanivutia kiti karibu yake.

Ukutani tulikuwa na picha mbili kubwa. Upande mmoja ni Maskati moja kwa moja, ua wa nyumba wanakolala wafanyakazi, wanaume kama arobaini wamesimama mistari na sare zao, na wao kule wanatuona sisi kwenye kompyuta ya msimamizi. Upande wa pili ni ubao wangu: kila mtu akijiandikisha, jina lake linatokea kwa herufi kubwa za kijani. Nilikuwa nimeuona ubao ule ndotoni umejaa majina mpaka chini. Saa nne asubuhi yetu, kwao saa moja jioni, nikashika kipaza sauti, nikasema karibuni. Msimamizi, Mzanzibari aliyekulia huko huko Maskati, akawaambia watu wake, "Haya, kila mtu afungue programu kwenye simu yake."

Ubao haukuandika kitu. Kule uani wanaume wakatoa simu, za Android, nyingine zimepasuka kioo, nyingine za vitufe zile za tochi, wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwenye yangu haipo, bosi." Mwingine akasema yake pia haipo. Mimi nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni mtandao tu, tuvumilie kidogo." Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya hatua mbili, kwa sababu hapo hapo akatokea kijana kutoka nyuma na aifoni, ameishika kwa mikono miwili, imeviringishwa kitambaa.

"Hii ni simu ya chumba," msimamizi akatueleza, tena kwa fahari. "Wamechangia watu wanane. Ni ya kupigia nyumbani tu, siku ya Ijumaa, kwa zamu, kila mmoja robo saa, ili mama zao wawaone sura vizuri."

Robo saa. Nilisimama na kile kipaza sauti, nikaelewa miaka yote kwa mkupuo. Nilitaka kukaa chini. Bwana Murtaza, kwa wema wake, akataka kuiokoa shughuli, akasema, "Si neno, watumie hiyo hiyo, mmoja mmoja." Na mimi nilijua kabisa kwamba haiwezekani, niliiandika mwenyewe programu ile, simu moja inamjua mtu mmoja tu, yule aliyejiandikisha kwanza. Ningesema. Nikasema, "Sawa."

Wa kwanza akabonyeza, na ubao ukaandika: Salum ameingia kazini. Watu wakapiga makofi. Wa pili, mzee mwenye mvi, akabonyeza: Karibu tena, Salum. Salum ameingia kazini. Wa tatu Salum, wa nne Salum. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, na walipofika saba ukumbi mzima ulikuwa unahesabu nao, wengine wanafuta machozi kwa kicheko. Mara ya tisa Bi Sakina akasema, "Huyu Salum ana bidii, jamani. Ndiye nani?"

Msimamizi akageuka. "Salum ni nani hapa? Njoo mbele."

Akaja. Alikuwa amevaa ovaroli ya kijani iliyolowa hadi magotini, glavu za mpira zimechomekwa mfukoni, amekonda. Hapakuwa na ofisi yoyote. Kovu lake la kidevuni lilikuwa kubwa ukutani kuliko kichwa changu. Akasema, "Ni mimi, bosi. Lakini simu si yangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sikuwalaumu na siwalaumu leo, walishachekeshwa, yeyote angecheka. Salum akainua macho akatazama kamera, na mimi najua alipotazama aliniona, nimesimama katikati ya ukumbi nimevaa gauni la kuazima. Hakusema dada. Alikuwa ananisitiri. Bwana Murtaza akaninong'oneza, "Unamjua kijana huyu?" Na mimi, kipaza sauti kipo mdomoni, kiko wazi, nikasema, "Hapana, simjui. Ni mmoja wa wafanyakazi." Halafu nikacheka. Nilicheka ili nifanane na wengine, na kicheko changu kikasikika kuliko cha wote kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti.

Salum akainamisha kichwa. "Samahani, bosi," akasema, akarudi kwenye mstari.

Yaliyobaki ni mafupi. Bwana Murtaza hakunigombeza, angenigombeza ningepona. Alinisubiri watu watoke, akauliza, "Ile ripoti, binti, uliuliza watu wangapi?" Nikamwambia mmoja. Akaguna, akanishukuru kwa kazi, na wiki iliyofuata akaniandikia kwa heshima kwamba kazi wamepewa watu wa Dubai wataianza upya kwa Android, na safari ya Maskati haipo tena. Bi Sakina alinifungia sambusa kwenye karatasi ya alumini. Nilizila kwenye basi la pili, zote, sikusikia ladha yake.

Kwa hiyo nikikutana leo na mfanyabiashara akaniuliza huko Ghuba aanze na simu ipi, simjibu upesi. Namuuliza kwanza programu yako ni ya anayenunua au ya anayefagia, maana hao wawili hawashiki simu moja, na hiyo anayoishika uliza ni yake au ni ya chumba kizima. Hilo nimejifunza. Lakini kiapo nilichokula si cha simu. Nimeapa sitasema tena "simjui" kwa mtu wa damu yangu, hata niwe mbele ya mfalme.

Ijumaa ya kwanza baada ya uzinduzi simu haikulia. Ya pili haikulia. Nilikaa nayo mkononi mpaka muda wa zamu yangu ghalani, nikaenda nimechelewa. Ya tatu nikapiga mwenyewe. Akapokea mwanaume mwingine, akajitambulisha Hamisi, wa chumba kile.

"Salum zamu yake ameitoa, dada," akasema. "Amempa mwenzetu aliyepata mtoto."

Iliniuma mahali ambapo sijui pa kupaonyesha. Nikamwomba namba ya simu ya Salum mwenyewe, ile ya mfukoni, ambayo miaka sita sikuwahi kuiomba kwa sababu sikujua kama ipo. Akanisomea polepole. Nikapiga. Ililia sana, halafu ikapokelewa, na picha ikaja ya giza, uso umekatika vipande vipande, unaganda, unarudi.

"Hunioni vizuri, dada," akasema.

"Nakuona."

"Kamera yake ndiyo hii."

"Nakuona, Salum. Nilisema sikujui."

"Nilisikia." Picha ikaganda, nikadhani amekata. Ikarudi. "Na mimi si nilikwambia niko ofisini."

"Nilicheka, Salum."

"Hapo ndipo paliponiuma," akasema. "Yale mengine nilijua tu. Ungefanyaje mbele za watu."

Nikamwomba radhi, mara mbili tatu, mpaka akaniambia inatosha. Kisha akasema, "Nionyeshe na wewe unapokaa. Pa kweli." Kwa sababu na mimi, niseme tu, nilikuwa nimemwambia nina kampuni, nina ofisi ya vioo, nina wasichana wawili wanaopokea simu, na miaka yote nilikuwa naongea naye nimeegemea ukuta. Nikaigeuza kamera polepole. Kitanda, jiko la sahani moja, dirisha dogo juu linaloona theluji na magurudumu ya gari la mwenye nyumba, meza, kiti.

Uso wake ukasogea karibu na kioo.

"Kiti kimoja?"

"Kimoja."

"Na mgeni akija?"

"Hajawahi kuja."

Nikasikia anapumua, na nyuma yake wanaume wanaongea, mtu anaosha sufuria.

"Basi kaa, dada," Salum akasema. "Kaa tuongee. Hii ni yangu, haina zamu."