Kilo Kumi na Moja za Ermes Bonardi

Kwa miaka thelathini na moja Ermes Bonardi aliamka kabla ya mkewe, akanywa kahawa akiwa wima, akaenda uwanja wa Lonato, kaskazini mwa Italia, kukaza nati za vigari vya mashindano vilivyoendeshwa na watoto wa watu wengine. Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana. Mikono yake ilinuka petroli hata siku ya harusi ya bintiye, na mkewe, Delfina, alikuwa ameshachoka kulalamika.

Timu zilimheshimu kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Injinia Savoldi, aliyeichagulia timu moja kubwa madereva chipukizi, alimwita kila mwaka kwenye majaribio ya mwisho. Watoto wawili, vigari viwili. Asubuhi kila mmoja chake, na baada ya chakula cha mchana wanabadilishana, ili ijulikane kama kasi ni ya mtoto au ya injini. Aliye mwepesi hufungiwa mabamba ya chuma nyuma ya kiti mpaka uzito ulingane na wa mwenzake. Anayechaguliwa hugharamiwa kila kitu mpaka afike kwenye magari makubwa. Anayeachwa hurudi nyumbani, na aghalabu huo ndio mwisho wake, maana mchezo huu umewafanya watu wauze nyumba.

Mwaka huo walibaki Loris, mtoto wa fundi bomba kutoka Cremona, na Nives, binti wa miaka kumi na minne, mwembamba kama ufito. Nives alifundishwa na Ermes mwenyewe tangu ana miaka minane. Alimpenda kama wa kumzaa, na uwanja mzima ulijua.

Saa sita mchana Ermes alikuwa ameshafunga mabamba mengine kwenye kigari ambacho Nives angehamia. Kilichobaki ni kufungua yale ya asubuhi, kilo kumi na moja, kwenye kigari ambacho sasa kilikuwa cha Loris. Delfina, aliyekuja kuwapikia mafundi siku hiyo, akaita kutoka mezani.

"Ermes! Casoncelli zinapoa! Hizo nati zako zina miguu, zitakukimbia?"

Akacheka, akaweka spana chini. Kwao, tambi zilizojazwa nyama zikishapakuliwa, hata padri huacha sala. Alikula sahani mbili, akasimuliana na wenzake, na aliporudi injini zilikuwa zinanguruma.

Nives alishinda kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Savoldi akampa mkono baba wa Nives, mzee Attilio, na mama mtu akaangua kilio cha furaha. Loris alikaa juu ya tairi na helmeti yake kichwani, hakutaka uso wake uonekane.

Ermes alipoinama kukifuta kigari cha Loris ndipo alipoyaona mabamba. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Na akisema, nani ataamini kwamba amesahau, na Nives ndiye kipenzi chake? Akachukua spana, akafungua nati ya kwanza. Kwenye ya pili mkono ukagoma. Akasimama, akaita.

"Injinia, hebu njoo uone. Nimesahau kuyatoa. Mtoto wa watu kabeba kilo kumi na moja bure."

"Umesahau?" Attilio alifoka. "Miaka yote hujasahau hata nati, uje usahau leo? Si ungenyamaza tu, mzee wewe!"

Savoldi aliinua macho angani. "Jua bado lipo," alisema. "Mizunguko kumi. Tairi mpya kwa wote."

Safari hii Loris alitangulia kwa sehemu tatu, na jina lake ndilo lililoandikwa.

"Mwakani usije, Ermes," Savoldi alisema kwa upole. "Si kwamba sikuamini. Lakini watu watasema."

"Nimekuelewa, Injinia."

Nives alimkuta akipanga vifaa. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mjomba, uliyaona peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakukuwa na mtu kabisa?"

"Hakuna."

"Basi mimi ningeyafungua, nikanyamaza."

Alisema hivyo akimtazama usoni, bila haya. Ermes alikaa chini taratibu. Miaka sita alimfundisha binti huyu kila alichokijua, na uchungu alioupata hapo ulizidi ule wa kufukuzwa. Alitaka kumgombeza, macho yake yakaangukia ile spana.

"Mwanangu," alisema, "nati ya kwanza nilishaifungua."