Mshale Uliompeleka Mtoto Bwawani

Siku yangu ya kwanza kazini, Ofisa wa Elimu ya Afya pale Msambweni alinikabidhi penseli na rula, kisha akanionya. "Hapa hatuchori mapambo, binti. Ukikosea picha, mtu ataugua." Nikamcheka moyoni. Mimi, mtoto wa Kinondo niliyekuwa nikipaka mabango ya hoteli za Diani, picha inishinde?

Nilipewa vielelezo, yaani michoro ya kuonyesha jambo gani huzaa jambo gani. Ugonjwa uliotusumbua zaidi ulikuwa kichocho, ule wa kukojoa damu. Bango lake lilitoka makao makuu, limechorwa duara: mtoto akojoa bwawani, vijidudu vyaingia ndani ya konokono, vyatoka, vyapenya ngozi ya mwogaji, naye augua. Kutoka kwa mgonjwa, mshale mwekundu ulirudi bwawani, maana naye atakojoa humo na mambo yaanze upya.

Baadaye nikahamishiwa zahanati moja upande wa bara. Huko nikamkuta Mwanatumu. Kila mwanawe Juma akimaliza dawa na kupona, haupiti muda damu yarudi. Muuguzi alikwisha kuchoka kumgombeza.

"Dada, mimi nafuata bango lenu," aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Mtoto akiugua, nampeleka bwawani nimuogeshe."

"Nani alikwambia?"

"Si mshale huu? Watoka kwa mgonjwa, waenda majini."

Mishale aliyoizoea ni ile ya njia panda: ufukweni huku, hospitali kule. Mshale ukielekea mahali, nawe waenda. Tena ile ya Diani mingine niliipaka mimi!

Nikarudi kwa Ofisa. Akafuta miwani yake. "Mshale ni mshale. Na mabango yamekwisha kuchapishwa."

"Basi twende ukamwambie hivyo mama yake Juma." Nina ulimi mkali, sikatai. Tulikwenda, akamsikiliza Mwanatumu mpaka mwisho, na njiani kurudi akaniambia nichore upya.

Nikaondoa mishale yote. Palipokuwa na mshale nikachora kile kinachosafiri: mkojo ukidondoka majini, vijidudu vikiogelea kuufuata mguu. Kisha nikatandika mkeka kwa Mwanatumu, nikazimwaga picha ovyo, nikamwomba azipange anieleze kumetokea nini. Sikumsaidia hata neno. Alipoishika ile ya mkojo, akaiweka mbele ya zote.

"Kumbe Juma wangu ndiye ayatiaye maji ugonjwa," alisema, "kisha wamrudia yeye na wenziwe."

Juma hakupelekwa tena bwawani, na safari hiyo dawa ikamponya moja kwa moja. Tangu hapo hakuna picha yangu iliyochapishwa kabla ya kupita mkekani. Wakubwa walikuja wakaenda, wengine wakinuna kwamba nawachelewesha, nami sikulegeza. Najivunia mkeka ule kuliko cheti nilichopewa nikistaafu.

Juzi nilikwenda zahanati ya Kombani kupima presha. Picha yangu ipo ukutani, imepauka, haina jina la mtu. Mama mmoja kijana aliyeketi kando yangu akaniona nimeikodolea macho.

"Shikamoo, bibi. Huifahamu?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze."

Akainuka, akaweka kidole kwenye tone la mkojo, pale pale nilipotaka waanzie. Nikamwacha anifundishe mpaka mwisho, na kila alipotua nikamwitikia, "Ehe, kisha?"