Majalada Yaliyofungwa kwa Majani ya Mgomba

Kaimenyi alistaafu akiwa karibu kiziwi, na watu wa Siakago walikuwa na mzaha mmoja juu ya jambo hilo, ule ule miaka nenda miaka rudi: muziki umemmaliza masikio kabla kazi haijammaliza miguu. Alikuwa afisa wa mifugo. Kwa miaka thelathini na sita alizunguka nyanda kavu za Mbeere akichanja mbuzi na ng'ombe wa watu, na kila Jumapili baada ya ibada alifunga mlango wa sebule akaweka kwenye gramafoni santuri za roki nzito, ile ya kasi iitwayo thrash, ambayo hakuna mtu mwingine pale mjini angeipokea hata kwa bure.

Ilianza na mbwa. Mwaka wa 1988, akiwa bado mgeni kazini, alimtibu mbwa wa mwalimu mmoja Mjerumani aliyekuwa akifundisha fizikia. Mwalimu alipomaliza mkataba wake alimwachia gramafoni na santuri kumi na moja, zote za miaka ile ya mwanzo, vijana walipokuwa wakipiga gitaa kana kwamba dunia inaisha kesho asubuhi. Nyingine zilifuata kwa posta. Nyingine alizifukua mwenyewe Nairobi kwenye mabanda ya vitu vikuukuu, chini ya marundo ya rumba na nyimbo za injili. Zilifika arobaini na tatu, akaridhika.

Masikio yalipoanza kumtoka, yalitoka kwa utaratibu. Kwanza yalikwenda matoazi, kisha gitaa, kisha sauti za waimbaji. Ngoma ndizo zilizobaki mwisho, nazo alizisikia kwa kiganja akiwa ameulaza mkono juu ya meza. Siku moja meza nayo ikanyamaza. Hapo ndipo majalada yalipokuwa kila kitu. Jumapili aliyapanga juu ya kochi moja moja akayatazama kama mtu anayetembelea jamaa zake: mifupa iliyovaa buti za jeshi ikiendesha tingatinga, hakimu asiye na uso, mji unaowaka chini ya mbingu ya kijani. Aliwajua wachoraji kwa herufi ndogo walizoficha pembeni. Alijua ni toleo lipi lilichapwa na wino uliopotoka kidogo, wekundu ukawa rangi ya machungwa. Na kwa kuwa alikuwa Mmethodisti tangu kuzaliwa, hakuona ubaya wowote. Bonde la mifupa mikavu alihubiriwa angali mtoto. Hawa vijana walikuwa wamelichora tu.

Mkewe Karwirwa hakuliona hivyo. Tangu aolewe hakuwahi kuyatazama majalada yale. Akifagia sebuleni aliyageuza yaelekee ukutani, na wanawake wa kikundi chake cha maombi walipokuja, aliyafunika kwa kitambaa. Gatwiri, kiongozi wa kikundi, alikifunua mara moja, akakirudisha upesi.

"Mama Sheila, hii nyumba inaombewa au inaomba kwa shetani?"

"Ni vitu vya Baba Sheila," alijibu Karwirwa. "Mimi vyangu ni sufuria."

Karwirwa alikuwa mtoto wa Kangeta, kwenye mashamba ya miraa, kama mumewe, na kabla ya kuolewa kazi yake ilikuwa kufunga miraa. Alifunga tangu akiwa na miaka tisa. Wanunuzi sokoni walivijua vifurushi vyake bila kuuliza, kwa jinsi jani la mgomba lilivyokaza na kamba ilivyolala sawa. Miaka yote ya Siakago, penye joto na vumbi, mikono yake haikuwa na cha kufunga.

Mwaka aliostaafu waliamua kurudi Kangeta, kwenye shamba la Kaimenyi. Ila miadi ya masikio ilimshika Embu, kwa binti yao Sheila, na mwenye nyumba ya Siakago alitaka nyumba yake mwisho wa mwezi. Kaimenyi alimpigia simu mkewe, au tuseme Sheila alipiga, yeye akazungumza.

"Mama Sheila, kila kitu kinaweza kuvunjika," alisema kwa sauti ya kupita kiasi, kwa kuwa hakujua tena kipimo chake. "Santuri usimwachie mtu. Zifunge kama kitu chako wewe."

Alikaa Embu wiki tatu. Alipimwa, akapewa kifaa cha sikio ambacho kilimletea honi za barabarani na sauti za watu kama kutoka ndani ya debe, lakini muziki wowote kilimletea kama mchanga unaomwagwa. Hakukasirika. Alijua kinachomsubiri Kangeta si cha kusikia.

Alifika saa nane mchana, mvua imetoka kunyesha. Mdogo wake Kiunga alimpokea langoni kwa salamu ya kwao.

"Muga, mkubwa! Tumesikia unarudi na mafuvu. Huku kwetu mafuvu tunazika."

"Lako tutalizika likiwa tupu vilevile," Kaimenyi alijibu, na Kiunga akacheka huku akimpokea mfuko.

Karwirwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo amejifunga leso mpya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kusifiwa. Ndani, juu ya ubao ulioinuliwa kwa matofali, vilipangwa vifurushi tisa. Kila kimoja kilikuwa kimeviringishiwa majani ya mgomba tabaka juu ya tabaka, pembe zimekunjwa, kamba za mgomba zimepita mara nne na kufungwa fundo moja dogo. Vilikuwa vizuri sana. Kaimenyi hakuwa ameona kazi kama hiyo tangu ujana wake.

"Majani yametoka wapi? Siakago hakuna mgomba."

Karwirwa alisogea kwenye sikio lenye kifaa. "Niliagiza kutoka Kanja, kule kwenye migomba. Yaliletwa na pikapu, mabichi kabisa. Ile nailoni uliyokuwa umezivika niliitoa yote. Nailoni inaozesha. Nikanyunyizia maji kidogo, kidogo tu, zisikauke njiani."

Kaimenyi aliuelewa mwisho wa jambo hilo kabla hajagusa fundo. Miraa hufungwa hivyo, kwa jani bichi na unyevu, nayo huuzwa siku hiyo au kesho yake. Miraa hailali. Katika maisha yake yote Karwirwa hakuwa amefunga kitu kimoja cha kukaa.

Alikata kamba. Jani lilitoka na ngozi ya karatasi. Majalada yalikuwa yameshikana kama mkate uliolowa, ukungu mweupe umetambaa kingoni, na juu ya rangi zote, za buti, za mbingu, za miji, utomvu wa mgomba ulikuwa umeacha madoa ya kahawia, makubwa kama viganja. Kila mtu wa kule ana shati moja lenye doa hilo, na kila mtu anajua halitoki. Alifungua kifurushi cha pili. Alifungua cha tatu.

"Ungewaachia akina Gatwiri wachome!" alisema. Alidhani ameisema taratibu, kwa uchungu wa moyoni. Lakini kuku walikimbia, na Kiunga kule langoni akageuka. "Moto ungekuwa na heshima kuliko hivi!"

Karwirwa hakurudi nyuma. Alikuwa ameyaona madoa, na alikuwa wa kwanza kuyajua ni ya nini.

"Walikuja," alisema.

"Nini?"

"Walikuja kuchoma!" Sasa naye alipaza sauti. "Siku ya kuhama. Gatwiri na wengine watatu, na kiberiti. Walisema shetani asipande gari pamoja na vitanda. Nikawaambia hivi ni vitu vya mume wangu, na mimi ndiye ninayefunga. Wakaondoka bila kuniaga. Miaka ishirini tumeomba pamoja, Baba Sheila, na hakuna aliyenishika mkono."

Kaimenyi alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la mahindi. Alitaka kulirudisha lile neno la moto. Lilikuwa limeshatoka, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani.

Walifungua vilivyobaki pamoja. Santuri zenyewe zilikuwa nzima, nyeusi, zinang'aa, zimefutwa na unyevu zikawa safi kuliko zamani, na hapakuwa na sikio la kuzitumia. Majalada waliyatandaza barazani juu ya magunia. Kiunga alipita, akatazama, akaenda zake bila mzaha.

Karwirwa alichuchumaa mbele ya moja. Kwa mara ya kwanza aliitazama karatasi ile sawasawa, akainamisha kichwa kutafuta picha chini ya doa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mifupa," alisema Kaimenyi. "Imevaa buti. Inaendesha tingatinga juu ya makaburi ya wanajeshi."

"Na hapa?"

"Hakimu. Hana uso. Mizani yake ina mawe pande zote mbili."

Aliendelea kumwuliza, naye aliendelea kumjibu, na wakati mwingine Karwirwa alitikisa kichwa, wakati mwingine alisema "Bwana asifiwe" kwa namna ambayo ingeweza kuwa kicheko. Hivyo walifika la ishirini na sita. Lilikuwa la kundi la vijana wa mji mdogo waliotoa santuri moja tu, nakala chache, kisha wakarudi viwandani. Sheila alishawahi kulitafuta kwenye simu asilipate. Jalada lilikuwa limechorwa kwa mkono, na sasa lilikuwa kahawia mwanzo hadi mwisho.

"Na hii?"

Kaimenyi alilichukua. Aliligeuza kwenye mwanga. Jina la kundi alilisoma kwenye santuri yake, kwenye duara la katikati, na nyimbo zote nane alizikumbuka kwa mpangilio wake. Picha haikuja. Alifumba macho, akapitisha kidole juu ya karatasi iliyovimba, akangoja.

Karwirwa aliinama karibu na sikio lake. "Baba Sheila? Ilikuwa nini?"

"Sijui," alisema, na safari hii alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba mkewe alilazimika kumtazama midomo.