Fulana ya Kizee Mwenye Masharubu

Wiki iliyopita nilikuwa Bawshar, kitongoji cha mji wetu huku kwa Waarabu, katika duka moja la nguo, nikakuta zimetundikwa fulana zenye picha za vichekesho vya zamani vya televisheni ya Waingereza. Vijana wanazigombea siku hizi. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya, maana fulana ya namna ile niliwahi kumfanyia nayo mtu hiana.

Miaka ya tisini mjomba wangu alirudi kutoka masomoni Uingereza na kanda za video za vichekesho hivyo, pamoja na fulana moja nyeupe. Kifuani lilichorwa dume zima lenye masharubu, limevaa gauni la kizee, mkoba mkononi. Kila Ijumaa, baada ya pilau, tulijazana sebuleni, mjomba akitufasiria. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

"Mie Kizungu sikijui," alikuwa akisema, "lakini kizee huyu nnamjua. Alikuwa jirani yetu Unguja."

Ila ikiadhiniwa tu, humgeukia mjomba: "Picha hiyo huswali nayo. Igeuze!" Mjomba huigeuza fulana ndani nje, ikabaki nyeupe tupu.

Nilikuwa na miaka tisa niliposikia kwamba mjomba anakwenda kuposa Bustan, mtaa wa mbali na kwetu. Akioa atahamia kwake, na kanda zake atakwenda nazo. Nilimchukia binti wa watu kabla ya kumwona. Siku ya posa, Bibi akipiga pasi kanzu, mjomba aliniagiza nimletee fulana nyeupe ya kuvaa ndani. Nikaichukua ile ya kizee, nikaigeuza ndani nje, nikaikunja vizuri. Akaivaa mbio mbio bila ya kuitazama.

Huko Bustan kiyoyozi cha majlisi, chumba cha kupokelea wageni, kilikuwa kibovu. Mimi bado mdogo, nikaachiwa nikae kwa wanaume. Baba wa binti, naye mtu wa Unguja kama sisi, alikuwa mkavu, hacheki wala hatabasamu. Halwa ikapita, kahawa ikapita, jasho likamtoka mjomba, kanzu ikamganda kifuani. Kizee akaanza kuonekana kidogo kidogo, masharubu kwanza. Nilifurahi, tena sana.

Mzee akaweka kikombe chini. "Na huyo nani uliyekuja naye?"

Mjomba akajitazama kifuani. Nikaona uso unamsawijika, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Jirani yetu wa Unguja, mzee," akasema kwa unyonge.

Mzee aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Mie nlikuwa nikikhofu tunaletewa Mzungu," alisema. Fatiha ya kukubali posa ikasomwa siku ile ile. Mjomba alipohama na kanda zake, nilijifungia chooni nikalia. Bibi akawaambia watu kwamba mtoto analia kwa furaha.

Bibi ameshafariki, Mungu amrehemu. Kanda zimeota ukungu, na mashine ya kuzichezea sijui iliishia wapi. Sebule ile sasa ina watu wengine. Pale dukani nilinunua fulana moja nikampelekea mjomba, naye akawaita wajukuu zake waje wanione.

"Huyu ndiye aliyenipatia bibi yenu," akawaambia. "Alinivisha fulana niliyoipenda, kwa mapenzi yake tu."

Sikumsahihisha. Mapenzi yalikuwapo kweli, lakini nilimvisha ile fulana ili wamkatae, arudi nyumbani kwetu.